Kabati la Nakshi Njia ya Namanga

Kajiado si nchi ya mbao. Ukitoka Kitengela hadi Namanga, chini ya mlima Ol Doinyo Orok, unapita nyika na migunga, na nyumba ya Kimaasai ya asili, iliyokandikwa kwa samadi, ilikuwa na vibuyu vya maziwa wala haikuhitaji kabati. Kabati la zamani la nakshi utakalolikuta sebuleni huku, vioo mlangoni na vikombe vya harusi ndani, limeletwa. Kama si lenyewe, basi mbao zake.

Asili yake ni pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, sahani za kauri za Uchina zilipangwa katika vidaka vya plasta, safu juu ya safu, ukutani mwa chumba cha ndani. Mbao zenye nakshi zilikuwa za milango, viti na masanduku. Samani za msaji kutoka Bara Hindi ziliingia kupitia Zanzibar na Mombasa, na kabati likapata faida ambayo kidaka hakina: hurithiwa na kuhamishwa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, maseremala wa Kihindi, wengi wao Masingasinga, waliifuata bara.

Mkondo wa pili wa uchongaji uliofika huku ni wa Wakamba, majirani wa Kajiado. Mutisya wa Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi ulioenea Ukambani kote. Vinyago vingi vinavyouzwa Namanga ni uzao wake.

Ukitaka kujua umri wa kabati na njia lililopita, usiulize rangi, uliza mti. Msaji wa zamani hunukia mafuta ukikwaruzwa. Mvule mara nyingi ni wa Uganda au Kongo. Mninga hauoti Kenya, hivyo kabati la mninga lililoko Kajiado limetoka kusini, na kwa barabara njia iliyo karibu ni Namanga. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulio hapo ulifungwa na Tanzania Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Leo kuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa Desemba 2018, na malori hupita upesi.

Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwani kabati la zamani nalo linaweza kuvushwa upesi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na inalinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Kabati halitajwi. Lililochongwa mwaka 1920, hata na mkono uleule uliochonga mlango, halina kinga mpaka waziri alitangaze, na huo ni upungufu wa kurekebishwa: nakshi ni ileile, mti ni uleule.

Mpaka hilo lifanyike, kazi ni ya wenye nyumba. Ulizeni wazee kabati lilinunuliwa wapi, fundi alikuwa nani, mwaka gani. Andikeni na kubandika karatasi nyuma yake. Msilipake rangi ya mafuta juu ya nakshi. Na akija mnunuzi wa kulivusha mpaka, nendeni kwanza mkaulize Makumbusho ya Taifa.