Nani Amlishaye Mama? Habari za Muda wa Kunyonyesha Katika Historia

Mifupa ya watoto waliokufa zamani hutoa habari ambazo vitabu vya wafalme havikuzitia maanani. Mtoto anyonyaye hujenga mwili wake kwa maziwa yaliyotoka katika mwili wa mamaye, na kwa sababu hiyo nitrojeni ya aina nzito huongezeka katika mifupa yake kupita kiasi kilichomo katika mifupa ya mama. Akiachishwa ziwa, akaanza kula chakula cha jamaa, dalili hiyo hupungua kidogo kidogo. Kwa vipimo vya namna hii wataalamu wametambua kwamba watoto wa Wharram Percy, kijiji cha wakulima wa Uingereza kilichohamwa yapata mwaka 1500, waliachishwa walipofika miaka miwili hivi. Katika oasisi ya Dakhleh, Misri, zama za utawala wa Warumi, kunyonya kuliendelea hata karibu na mwaka wa tatu.

Kwa nini, basi, mahali pengine muda huu umekuwa miezi michache tu? Jawabu la haraka, ambalo husikika barazani na hata hospitalini, ni kwamba mama amejipenda kuliko mwanawe, ama hajui. Naona jawabu hilo lina dhuluma ndani yake. Tukizipitia habari za nchi mbalimbali, twaona swali lifaalo zaidi ni hili: mama anaponyonyesha, yeye mwenyewe hulishwa na nani?

Waislamu wa pwani yetu wanaijua aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, itajayo miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Wengi huikumbuka hesabu, wakasahau maneno yaifuatayo. Aya ile ile humpa baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya uwezo wake, tena hutaka kumlikiza mtoto kabla ya muda kuwe kwa ridhaa na mashauri ya wote wawili. Miaka miwili, basi, iliwekwa pamoja na riziki ya mnyonyeshaji.

Kando ya sheria ya dini palikuwa na hofu ya kubemenda. Wazee waliamini kuwa wazazi wakikutana kimwili mtoto angali ziwani, mtoto hudhoofika na miguu yake hushindwa kumchukua. Tabibu wa leo hakubali kwamba tendo lenyewe huharibu maziwa. Lakini mimba ya haraka humwondoa mtoto ziwani, na mtoto aliyeondolewa mapema huweza kudhoofika kweli. Tena kunyonyesha kwenyewe huchelewesha mimba: wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kuwa mama anyonyeshaye kikamilifu, ambaye hajarudi kupata hedhi, ana kinga ipatayo asilimia 98 katika miezi sita ya kwanza. Wazee walikosea sababu, lakini mtoto alipata nafasi yake.

Mfano wa mama asiye na mtu wa kumlisha twaupata Paris katika karne ya 18. Mwaka 1780 Lenoir, mkuu wa polisi wa mji ule, alikadiria kwamba katika watoto 21,000 waliozaliwa humo kila mwaka, walionyonyeshwa na mama zao walikuwa kama 1,000 tu. Wachache wengine walipata wanyonyeshaji wa kulipwa nyumbani mwao; walio wengi mno walipelekwa mashamba, na wengi katika hao hawakurudi. Matajiri walikuwa na sababu zao, lakini utajiri hauwezi kueleza hesabu kubwa namna hii. Wengi walikuwa wana wa mafundi na wachuuzi. Kodi ya chumba na bei ya mkate vilitegemea mikono ya mke pamoja na ya mume, na ujira wa mnyonyeshaji wa shamba ulikuwa mdogo kuliko hasara ya mke kuacha kazi. Mnyonyeshaji naye alikuwa maskini, na mara nyingine alimwachisha wake mapema ili apate maziwa ya kuuza. Ufaransa ilikawia hata mwaka 1874 ndipo ilipotunga sheria ya Roussel ya kuwaangalia watoto wa aina hiyo.

Habari ya Kongo ya Wabelgiji ni kinyume cha hiyo, nayo yatuhusu zaidi, maana kambi za shaba za Katanga zilikikuza Kiswahili cha Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi. Huko mama hakulaumiwa kwa kuwahi kuachisha. Alilaumiwa kwa kuchelewa. Katika sehemu nyingi za Kongo wanawake walinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na kujitenga na waume zao muda huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakuu wa serikali na wa makampuni waliingiwa na hofu kuwa watu wanapungua: vibarua watatoka wapi? Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa ikiandika wafanyakazi wa muda mfupi kutoka mbali. Katika miaka ya 1920 iligeuza siasa yake, ikataka mtu akae kambini na mkewe, azae huko, na wanawe waje kushika kazi baada yake. Hapo ziwa la mama likaingia katika hesabu za kampuni. Zahanati za watoto zikafunguliwa; watoto wakapimwa uzito, wakapewa maziwa na chakula; mama akafundishwa kwamba kunyonyesha muda mrefu ni desturi ya kuachwa.

Si haki kusema kwamba hapakuwa na faida, kwani watoto wengi walitibiwa katika zahanati zile. Lakini katika sehemu kubwa za Kongo ya kati na ya kaskazini maradhi ya zinaa yalikuwa yamewafanya wanawake wengi tasa, na kazi ya shuruti ilitenganisha mume na mke. Desturi ya mama ilikuwa rahisi kukemewa kuliko hayo. Mlishaji sasa alikuwa kampuni, na mlishaji huyo alitaka mtoto aondoke ziwani ili mwingine afuate.

Mtoto anayefuatwa upesi na mwenziwe hupatwa na nini? Waga wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, walikuwa na jina lake. Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina lenyewe, kwashiorkor, alilolifahamu kuwa ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, ngozi huchunika. Kampala, katika hospitali ya Mulago, H. C. Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Wagonjwa wao wengi walikuwa watoto walioachishwa, wakawekwa mbele ya ndizi za matoke zilizoshibisha tumbo bila kujenga mwili. Vitabu vya tiba viliandika upungufu wa protini. Waga walimtaja pia yule mtoto wa pili, na kwa maoni yangu walieleza zaidi.

Williams huyo huyo alihamia Malaya, na mwaka 1939 alitoa hotuba Singapore akaiita Maziwa na Mauaji, akiwashutumu waliouza maziwa mazito ya kopo, yenye sukari, kuwa chakula cha watoto wachanga. Ilipita miaka 42 hata Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za biashara hiyo, mwaka 1981.

Na kazi ya ujira je? Mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1919 ulimpa mama mwajiriwa nusu saa mara mbili kwa siku za kunyonyesha. Tanzania, katika sheria ya ajira ya mwaka 2004, iliweka likizo ya uzazi ya siku 84, na saa zisizozidi mbili kwa siku baada ya kurudi kazini. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani hushauri miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, kisha kuendelea pamoja na chakula hata miaka miwili au zaidi. Atakaye kulinganisha siku 84 na miezi sita hahitaji elimu kubwa ya hesabu. Tena sheria hiyo humtazama mwajiriwa. Mwanamke auzaye maandazi kando ya njia hana mwajiri wa kumdai saa mbili. Mwanawe yu mgongoni pake, hunyonya kati ya mteja na mteja, na huenda akanyonya muda mrefu kuliko mtoto wa karani. Mama huyo akiugua asiuze kitu, hapana sheria itajayo ni nani atakayemletea chakula.