Kilima Kimoja, Namba Mbili: Historia ya Kupima Urefu wa Masisi na Walikale

Katika sehemu nyingi za Masisi, maji ya robine hayasukumwi na mashine. Yanashuka yenyewe, kutoka chanzo cha juu mlimani hadi tanki, kisha kijijini au kambini. Kwa hiyo kujua mlima una mita ngapi si kazi ya mwalimu wa jiografia peke yake. Jibu likiwa baya, anayelipa ni mama aliyesimama kwenye foleni na bidoni tupu.

Chukua mfano huu. Ramani ya zamani inasema chanzo kiko kwenye mita 1,900. Fundi anafika mahali pa kujenga tanki, anasoma mita 1,888 kwenye GPS yake. Anahesabu mteremko wa mita 12. Mitaro inachimbwa, mabomba yanalazwa, robine inafunguliwa: maji hayafiki. Hakuna aliyedanganya. Ramani na GPS zilianza kuhesabu kutoka mahali tofauti.

Mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliona ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akaingia misitu ya magharibi hadi mto Kongo. Wasafiri wa siku hizo walipima urefu kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi: kando ya ziwa Kivu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Lakini kukosea nyuzi moja tu ni kukosea karibu mita 300. Hata mvua ikikaribia, namba ilibadilika.

Mwaka 1911 tume ya mipaka ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji ilipima eneo la volkano. Sasa wapimaji walitumia pembe, kutoka kilele hadi kilele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1949, Wabelgiji waliunda taasisi ya jiografia ya Kongo, ambayo leo ni Institut Géographique du Congo.

Ramani za namna hiyo huhesabu urefu kutoka usawa wa bahari. Lakini bahari gani? Misri ilishika Mediterania, pale Alexandria. Wengine walishika bahari ya Hindi, pale Mombasa. Masisi iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote, na kila hatua ya kusafirisha kipimo kutoka pwani huongeza kosa kidogo. Ndiyo sababu ramani za nchi mbili jirani zinaweza kutoa namba mbili kwa mlima mmoja wa mpakani.

Kisha zikaja satelaiti. GPS haijui bahari. Inahesabu kutoka umbo laini la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, kama chungwa lililobanwa kidogo juu na chini. Bahari halisi haifuati umbo hilo, kwa sababu nguvu ya uvutano ya dunia si sawa kila mahali. Kusini mwa India, usawa wa bahari uko kama mita 100 chini ya umbo hilo. Huku Kivu pia uko chini yake, ingawa kwa mita chache zaidi. Kwa hiyo namba ghafi ya satelaiti hutoka ndogo kuliko ile ya ramani. Fundi wa mfano wetu alipaswa kuongeza tofauti hiyo kwanza. Kama mahali pale ni mita 12, basi 1,888 inakuwa 1,900: tanki liko sawa kabisa na chanzo, na maji hayawezi kushuka. Simu nyingine hufanya sahihisho hilo zenyewe, nyingine hazifanyi.

Walikale ina mtego wake. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika siku 11, na ramani nyingi za intaneti zinatumia vipimo hivyo. Rada ile ilihesabu kutoka usawa wa bahari, lakini kwenye msitu mzito iligonga majani ya juu badala ya udongo. Kwenye malisho ya Masisi namba ni ya ardhi. Kwenye msitu wa Walikale ndani yake mna urefu wa miti.

Vita vimefukuza familia nyingi kutoka vilima hivi. Wanaorudi wanakuta ramani mpya, vipimo vipya na miradi mipya ya maji na barabara. Karatasi ya baba ikisema namba moja na chombo cha leo kikisema nyingine, hiyo peke yake haina maana kwamba kilima kimehamishwa au kwamba jirani ameiba. Kabla ya kugombana, na kabla ya kuchimba mtaro, mzee wa kijiji ana haki ya kumuuliza mpimaji: namba hii imehesabiwa kutoka wapi? Na ile nyingine? Zikitoka mahali tofauti, zirudishwe kwanza kwenye msingi mmoja, kisha zilinganishwe. Mpimaji mzuri hatakasirika kuulizwa.