Mashaka ya Umma na Ukanushaji wa Watawala: Siasa za Kupinga Chanjo Kano na Tanzania

Katika mijadala mingi ya afya ya jamii, anayekataa chanjo huhesabiwa kuwa hajaelewa, na tiba yake husemwa kuwa ni elimu: mabango, semina, vipindi vya redio. Makala hii inapinga maelezo hayo. Hoja yangu ni kwamba upinzani dhidi ya chanjo ni suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la uelewa, na ndani yake mna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Yapo mashaka, ambayo hudai ushahidi na huweza kutulia unapotolewa. Upo pia ukanushaji, ambao huziba njia za kuupata ushahidi wenyewe.

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mstari wa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba imetiwa vitu vya kuzuia uzazi. Madai hayo hayakuwa ya kweli, lakini yalikuwa na historia. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipolipuka, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa ya Trovan mjini Kano, yaliyohusisha watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki, na familia zikadai hazikuelezwa kwamba hayo yalikuwa majaribio. Kampuni ilikana kuwa dawa yake ndiyo iliyoua. Hata hivyo, mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza kesi ya jimbo. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Tena watu walijiuliza kwa nini dawa ya polio iletwe bure hadi mlangoni wakati zahanati zao hazina dawa za maradhi yanayowasumbua kila siku.

Mgomo wa Kano ulimalizika Julai 2004, baada ya jimbo kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Elimu ya chanjo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anayeileta na nani ameikagua. Gharama ilikuwa kubwa: virusi vilisambaa hadi nchi zilizokwisha kuondokana na polio, na mwaka 2005 vikafika Indonesia kwenyewe. Mashaka kuwa na sababu hakuyafanyi yasiwe na madhara.

Tanzania ilipita njia nyingine. Hii ni nchi ambayo kwa miaka mingi akina mama wamepeleka watoto kliniki kuchanjwa kwa kiwango cha kupigiwa mfano barani Afrika. Hata hivyo, shaka juu ya chanjo ya UVIKO-19 ilipewa nguvu na kiti cha juu kabisa. Takwimu za taifa zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020, zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo, akisema sampuli za papai na mbuzi zimeonesha maambukizi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Januari 2021, akiwa kwao Chato, aliwaonya wananchi dhidi ya chanjo za kigeni. Pasipo takwimu, mwananchi hakuwa na cha kupima kauli ya Rais wala uvumi wa jirani. Maaskofu Wakatoliki walipotoa tahadhari mwanzoni mwa mwaka huo, walikuwa wakifanya kazi iliyoachwa na wizara.

Rais aliyemfuata, Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani. Mwitikio ulikuwa hafifu, kwa kuwa hotuba moja haiwezi kufuta mafundisho ya mwaka mzima. Josephat Gwajima, askofu na wakati huo mbunge wa Kawe, alipoendelea kuipinga chanjo, Bunge lilimzuia kuhudhuria mikutano miwili. Adhabu ilijibu utovu wa nidhamu. Maswali ya waumini wake yalibaki palepale. Kiwango kilipanda wahudumu wa afya walipoanza kwenda nyumba kwa nyumba na kukaa na watu, hata kufikia 2023 zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa wamekamilisha chanjo.

Huenda msomaji akasema kwamba gavana wa Kano naye alikuwa mtawala mwenye maslahi ya kisiasa. Ni kweli, na ndiyo maana mpaka ninaouchora haupiti kati ya watawala na watawaliwa. Kano, pamoja na madhara yote iliyosababisha, ilipeleka wajumbe wake maabara za nje na kuweka sharti lililoweza kutimizwa. Dodoma na Chato hakukuwekwa sharti lolote ambalo ushahidi ungeweza kulitimiza.

Kwa hiyo wanaotaka kulinda chanjo waanze na taasisi. Utoaji wa takwimu za magonjwa ya mlipuko uwe wajibu wa kisheria usiotegemea utashi wa Ikulu. Wakuu wa maabara za taifa walindwe dhidi ya kufukuzwa kwa sababu ya majibu yasiyopendeza. Majaribio ya dawa yasimamiwe na watu ambao jamii husika inawajua na inaweza kuwahoji. Serikali inayoficha idadi ya wagonjwa wake leo isishangae kesho wananchi wakikataa sindano yake, hata ikiwa sindano hiyo ndiyo itakayowaokoa.