Haki za madini, uchunguzi wa (Malawi)

Upekuzi wa kumbukumbu ili kujua nani ana leseni ya kutafuta au kuchimba madini mahali fulani. Nchini Malawi madini ni mali ya Jamhuri. Mrithi wa shamba hurithi udongo wa juu tu. Kwa hiyo njia ni mbili, na wengi huzichanganya: ardhi hutazamwa kwa msajili wa hati au, ikiwa ya kimila, kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Kimila ya 2016; leseni hutazamwa katika daftari na ramani ya madini ya serikali. Huko Kasiya, karibu na Lilongwe, kwenye akiba kubwa ya mchanga wenye rutile (madini ya titani), leseni ya utafiti imepita juu ya mashamba ya vijiji ambavyo havina hisa katika mchanga huo.

Huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa iliyofunguliwa 1994, swali huhusu zaidi Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa wakazi wengi wa kambi wametoka Kongo. Sheria ya Kongo ya 2002 nayo huyaweka madini mikononi mwa Dola, na vibali husajiliwa na Kadasta ya Madini (CAMI), Kinshasa. Shimo la marehemu baba lisilo na kibali, hata kijiji kizima kikilishuhudia, haliingii katika kadasta hiyo.