Waliouomba Umeme, Wakaukataa

Mwaka 1935, kati ya kila nyumba kumi za wakulima nchini Marekani, ni kama moja tu iliyokuwa na umeme. Makampuni yalikuwa yamepiga hesabu ya nguzo na nyaya kutoka mji hadi shamba, yakaona hailipi. Mwaka huo Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini. Wakulima wa Minnesota, kama wenzao wa majimbo mengine, wakachangishana, wakaanzisha vyama vya ushirika, wakakopa serikalini. Wengi waliruhusu nguzo zisimikwe mashambani mwao bila kudai hata senti.

Bila kukumbuka hayo, mtu anaweza kudhani kwamba watu waliopigana na laini ya umeme katika Wilaya ya Pope, Minnesota, miaka ya 1970 walikuwa washamba walioogopa mambo mapya. La hasha. Adui yao walikuwa wamemzaa wenyewe: mradi ulikuwa wa United Power Association na Cooperative Power Association, miungano miwili ya vyama hivyohivyo vya wakulima.

Mpango ulikuwa mkubwa. Makaa ya mawe yangechomwa karibu na Underwood, North Dakota, palepale yanapochimbwa, na umeme wake usafirishwe karibu kilomita 700 hadi viunga vya Minneapolis kwa laini ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 400. Mkuza wake, wenye upana unaokaribia mita 50, ungekata mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mnara ukisimama katikati ya shamba, trekta hulazimika kuuzunguka kila msimu, na mitambo ya umwagiliaji inayozunguka haipiti. Hayo ni kabla hata ya hofu ya afya: watu waliuliza habari za shoti kwenye uzio wa waya, za hewa iliyochajiwa chini ya nyaya, na za ng'ombe kupunguza maziwa.

Kilichowachoma zaidi ni namna njia ilivyochaguliwa. Wapangaji walikwepa hifadhi za wanyamapori na kingo za barabara kuu. Kwenye ramani, shamba linalolimwa likaonekana kama mahali patupu. Bata mwitu alikuwa na mtetezi, mkulima hana. Hoja hiyo haikuwahi kujibiwa vizuri.

Vikao vya hadhara vilifanyika, watu wakasema, na njia ikabaki palepale. Juni 1976, mkulima mmoja wa Wilaya ya Stearns alipanda trekta lake akaponda vifaa vya wapima ardhi. Januari 1977 gavana mpya, Rudy Perpich, mtoto wa mchimba madini ya chuma, aliendesha gari mwenyewe hadi kwa wakulima, akaketi jikoni kwao kuwasikiliza. Walimpenda. Lakini Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha vibali, na Januari 1978 Perpich huyohuyo akapeleka askari zaidi ya 200, karibu nusu ya kikosi cha doria za barabara kuu cha jimbo zima, kulinda mafundi.

Ndipo majira ya baridi yakawa ya moto. Wakulima walisimama kwenye theluji kuzuia magari. Wengine walifungulia matangi ya amonia, mbolea yao ya kawaida, upepo uipeleke kwa askari. Machi 5 maelfu ya watu waliandamana kutoka Lowry hadi Glenwood, mwendo wa kilomita 14 hivi. Mkulima Alice Tripp aliingia kwenye kura za mchujo za ugavana dhidi ya Perpich akapata takribani moja ya tano ya kura, bila fedha za maana. Mwalimu wa chuo aliyekuwa pamoja nao, Paul Wellstone, aliandika kitabu juu ya mgogoro huo pamoja na Barry Casper, na baadaye akawa seneta.

Agosti 1978 mnara wa kwanza ulianguka. Usiku, watu wasiojulikana walifungua bolti miguuni pa minara na kuuachia upepo kazi iliyobaki. Minara zaidi ya kumi ilianguka, maelfu ya vikombe vya kuhami nyaya yakavunjwa kwa risasi, na wanakijiji walipoulizwa walijibu kwa uso mkavu kwamba hao ni fukusi wanaokula bolti. Fukusi hao, kwa bahati, hawakuwahi kutajwa na jirani yeyote.

Umeme ulianza kuuzwa Agosti 1979. Kuhusu ng'ombe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipitia kumbukumbu za maziwa za mamia ya makundi ya ng'ombe, karibu na laini na mbali nayo, wasione tofauti. Wakulima wengi hawakushawishika, na si ajabu: waliowaambia laini ni salama ni upande uleule uliokwisha kuwaletea askari.

Ushindi wao walioushika mkononi ulikuwa wa kisheria. Mwaka 1977, vurugu zikiendelea, bunge la jimbo lilipitisha sheria inayompa mwenye shamba haki ya kuilazimisha kampuni kununua shamba lote, si kipande cha mkuza peke yake. Sheria hiyo ilikaa miaka mingi bila kelele. Laini nyingine, ya kilovolti 345, ilipopita katikati ya Minnesota, wenye ardhi waliifufua, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba wanaoitumia wanastahili pia fidia ya chini iliyowekwa na sheria pamoja na gharama za kuhama.