Sakafu Nyekundu na Mikono Iliyoing'arisha

Kabla ya saruji kufika, mafundi wa pwani walikuwa na sakafu zao. Matumbawe yalichomwa yakawa chokaa, ikachanganywa na mchanga na mawe madogo, ikatandazwa juu ya boriti za mikoko. Kisha ikapondwa. Zanzibar ya karne ya 19 watu walijipanga safu na fimbo zao, wakapiga kwa mdundo wa nyimbo siku baada ya siku, mpaka chokaa iliposhikana.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipewa hataza yake mwaka 1824, ilikawia kuwa bidhaa ya kawaida kwetu. East African Portland Cement ilianzishwa Kenya mwaka 1933; kiwanda cha Bamburi kikaanza kuzalisha 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, 1966. Pamoja na saruji, sakafu nyekundu ikaingia shuleni, zahanati, misheni na kwenye kota za watumishi.

Kwa nini nyekundu? Saruji mbichi ina ukali wa magadi unaoharibu rangi nyingi. Oksidi ya chuma inayotoa wekundu huo, ambayo kwa asili ni kutu, haidhuriki, wala jua haliipaushi. Tena vumbi jekundu la bara halionekani upesi juu yake.

Ustadi wote umo katika kuvizia wakati. Fundi husawazisha zege laini la saruji na mchanga, halafu husubiri maji ya juu yanywewe. Hapo ndipo hunyunyiza saruji kavu iliyochanganywa na unga mwekundu, na kukandamiza kwa mwiko wa chuma, akirudi nyuma kwa magoti. Akiwahi, rangi inazama. Akichelewa, inabanduka kama ganda. Baadaye sakafu humwagiwa maji kwa siku kadhaa isipasuke.

Mng'ao ulifuata, na ulikuwa jasho la wengine: wanafunzi wa bweni, watumishi wa nyumbani, akina mama siku ya Jumamosi. Nta ilipakwa kwa kitambaa, ikasuguliwa kwa brashi. Historia za majengo huwataja wasanifu tu, na hiyo si haki.

Leo sakafu hizi zinafunikwa kwa vigae, na ninasikitika, maana nyingi zinatengenezeka. Nta kuukuu hulainishwa kwa mafuta ya taa na kukwanguliwa. Nyufa huzibwa kwa saruji yenye oksidi. Kazi ngumu ni kulinganisha rangi: kiraka kibichi huonekana cheusi kuliko kitakavyokuwa, kwa hiyo fundi mwangalifu hutengeneza vipande vichache vya majaribio na kuviacha vikauke kabisa kabla hajagusa ufa wenyewe.