Mashine Inayofunguka

Mashine ndogo ya boti hushikiliwa kwenye tezi na skurubu mbili za kukaza kwa mkono. Jioni mvuvi huzilegeza, akaitia mashine begani, akaenda kuilaza nyumbani. Hilo tu limeipa mashine hii historia ya biashara iliyo yake peke yake. Injini iliyojengewa ndani ya chombo huuzwa pamoja na chombo. Hii ya kuning'inia nyuma huuzwa yenyewe, hukodishwa yenyewe, huwekwa rehani yenyewe na, kwa bahati mbaya, huibwa yenyewe. Boti ya kwanza huweza kuoza ufukweni huku mashine yake ikisukuma chombo cha tatu au cha nne.

Aliyeifanya biashara hiyo ikue ni Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, Marekani. Hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman wa Detroit alikwisha kuuza mashine za namna hiyo kabla yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1906 Evinrude alipiga makasia ziwani kumfuatia Bess, mkewe wa baadaye, aisikrimu iliyoyeyuka kabla hajarudi. Mwaka 1909 mashine yake ikaingia sokoni: nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi. Bess ndiye aliyeendesha ofisi na kuandika tangazo lililowahimiza watu watupe makasia. Mfanyabiashara mwenye asili ya Denmark, Oluf Mikkelsen, akazipeleka Skandinavia, na wavuvi wa huko wakazichangamkia. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, mashine hii ilikuwa ya watu wa kazi sawasawa na ilivyokuwa ya watu wa matembezi.

Biashara ya mashine kuukuu ilisukumwa na uzito. Evinrude aliuza hisa zake kwa sababu ya afya ya Bess, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 akarudi na mashine ya alumini aliyoiita Elto. Mwaka 1922 ndugu wa ukoo wa Johnson wakatoa yao ya kilo 16 hivi. Aliyekuwa na ile nzito ya miaka kumi nyuma akapata sababu ya kubadilisha, na muuzaji akapata sababu ya kuipokea ya zamani kama sehemu ya bei ya mpya, mtindo ambao wauzaji wa magari walikwisha kuuzoesha. Uingereza ikashika njia nyingine. British Seagull, iliyoanza mwaka 1931, iliunda mashine ya kuvuta kwa kamba, isiyo na mapambo, na kwa miongo mingi haikuibadilisha sana. Vipuri vya mashine kongwe viliendelea kupatikana, ndiyo maana Seagull zilizozeeka zilibaki na wanunuzi hata baada ya kiwanda kufungwa miaka ya 1990.

Jina linalotawala fukwe zetu lilitoka Japani. Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti, P-7, mwaka 1960. Baadaye ikaja familia ya Enduro, iliyokusudiwa kazi nzito ya kila siku katika maji ya chumvi na mchanga, na yenye ufundi mwepesi ambao mtu aliye na spana chache anaweza kuumudu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wepesi huo wa kutengenezeka ndio uliozipa thamani mikononi mwa mnunuzi wa pili na wa tatu, kuliko nguvu wala mwendo.

Vyombo navyo vililazimika kubadilika. Senegal, ambako mashine zilianza kufungwa miaka ya 1950, mafundi walitoboa shimo ndani ya mtumbwi ili pangaboi ishuke humo. Katika Ziwa Victoria mtumbwi wa Sesse, uliochongoka pande zote mbili, ukakatwa nyuma upate ubao bapa wa kubana mashine. Sangara aliposhamiri miaka ya 1980, viwanda vya minofu vikahitaji samaki afike akiwa mbichi, na safari zikawa za mbali zaidi. Hesabu ya vyombo ya mwaka 2000 ilikuta mashine 4,000 na ushei katika ziwa zima. Kufikia mwaka 2006 zilikuwa zaidi ya 12,000.

Wakati huohuo kanuni za hewa chafu ziliibana Marekani kati ya 1998 na 2006, na Ulaya ikafuata. Mashine za kabureta zinazochanganyiwa oili na petroli zikatoweka katika mauzo mapya ya huko, lakini ziliendelea kuundwa kwa ajili ya masoko kama ya Afrika.

Mnunuzi anayeijua mashine hadanganywi na rangi mpya. Huvuta kamba polepole kwanza: ikija bila kupinga, ringi za pistoni zimechoka. Hulegeza skurubu ya chini ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kupenya kwenye sili. Kisha mashine hutumbukizwa katika pipa la maji na kuwashwa, macho yote yakiwa kwenye mchirizi unaoruka kwa nyuma. Mchirizi ukikatika, mpira wa pampu umekwisha au chumvi imeziba njia. Mwisho hutazamwa kibao cha namba, kwa sababu kibao kilichokwanguliwa kinaeleza mengi. Katika Ziwa Victoria wavuvi wamevamiwa na maharamia usiku, mashine zikachukuliwa, watu wakaachwa wakielea na hata kuuawa. Anayenunua mashine bila risiti wala namba anawalipa wavamizi hao.

Pwani, mashine ina hadhi ya mwanachama wa chombo. Mavuno yakigawanywa, hutengwa fungu la mabaharia, fungu la chombo na fungu la mashine, kwa hiyo hata asiyekwenda baharini anaweza kula kwa mashine yake. Kusi likivuma na siku za kutoka zikipungua, mashine hiyohiyo ndiyo mali ya kwanza inayoweza kugeuzwa fedha.

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria zimeanza kuonekana mashine za umeme za kukodi, ambazo betri zake huchajiwa kwa jua. Hazimwagi oili majini, nazo humwepusha mvuvi na bei ya petroli, faida kubwa zisizobishaniwa. Lakini za kukodi si zake. Karo ya shule ikidaiwa, hawezi kuzilegeza skurubu na kwenda kumtafuta dalali, na watakaopanga bei za huduma hiyo wanapaswa kulihesabu hilo tangu sasa, kwa mfano kwa kumwachia mvuvi njia ya kununua hatua kwa hatua ile anayoitumia.